Sumiyoshi Taisha, Osaka: nilienda kurudisha hirizi ya gari

Naanza na gari kwanza, vumilieni, maana bila gari hili hekalu nisingelijua kabisa. Nina IST used kama nusu ya Dar es Salaam, ilikuja toka Japani ikiwa bado na stika zao kwenye kioo na yule dada wa kwenye spika anayeongea kila ukiwasha. Kumbe miaka yote hiyo anakwambia kadi ya ETC haijachomekwa, ile kadi yao ya kulipia barabara, mi nilidhani ananipa salamu za asubuhi na kuna siku nilikuwa namjibu. Sasa fundi wangu akawa anafungua dashibodi anatafuta waya wa redio, akavuta kitu, akakirusha chini kama kashika jongoo. Kimfuko kidogo cha kitambaa chekundu, kimefungwa uzi mweupe fundo safi, kina maandishi ya dhahabu. "Bosi, hii gari ina hirizi." Nikamwambia endelea na kazi bwana, akasema haendelei mpaka niiokote mwenyewe na niitoe nje ya geti. Nje ya geti!

Nikaiokota, nikaipiga picha na ile apu ya kutafsiri. Upande mmoja ikasoma Sumiyoshi Taisha, upande wa pili usalama barabarani. Nikacheka, nikaitupia kwenye droo ya kabati nyumbani, mambo yakaisha, ikakaa huko miaka.

Mwaka jana mwezi wa 11 nikapata kozi ya wiki sita, wapi, Osaka. Wakati wa kupanga begi nikaikumbuka nikaitia kwenye mfuko wa pembeni, sijui hata kwanini, labda kwenda kumuonyesha mtu. Mwenzangu mmoja Mjapani kwenye kozi alipoiona macho yakamtoka. Akanieleza kwamba hizi zinaitwa omamori, kazi yake kweli ni hirizi tu, fundi wangu hakukosea, ila hazikai milele, kwa desturi ni mwaka mmoja alafu unairudisha hekaluni ilikotoka wanaichoma moto kwa heshima unachukua mpya. Ya kwangu nimeipigia hesabu ina zaidi ya miaka kumi. Yaani nimekuwa naendesha na hirizi iliyoekspaya. Akasema Sumiyoshi si mbali, ni hapa hapa mjini, nenda Jumamosi.

Basi ndo nikaenda, na hii rivyu ni ya hiyo Jumamosi. Nyota nne kati ya tano, ile moja nitawaambia nimeikata wapi.

Kwanza tuelewane majina. Kiswahili chetu kila kitu tunaita hekalu, wenyewe wanatenganisha: jinja ni ya dini yao ya Shinto, ile ya asili, na tera ni ya Kibudha. Ukiona geti la nguzo mbili na boriti mbili juu, hiyo inaitwa torii, ujue uko jinja. Taisha maana yake hekalu kubwa, na Sumiyoshi ndio mama wa mahekalu yote ya Sumiyoshi Japani nzima, yako zaidi ya elfu mbili. Watu wa Osaka hawasemi hilo jina refu, wanasema Sumiyossan, kama vile unamuita mjomba.

Kufika ni rahisi mno. Unapanda treni ya Nankai kituo cha Namba, kama dakika kumi unashuka stesheni inaitwa Sumiyoshitaisha, unatembea kidogo tu. Lakini msikilizeni mimi, msipande treni, pandeni tramu. Kuna tramu za kampuni ya Hankai zinapita katikati ya barabara pamoja na magari, behewa moja tu, zinatikisika na kulia kengele kama za zamani, na kweli za zamani, wana behewa za mwaka 1928 ambazo bado zinaingizwa barabarani siku moja moja. Mi nilipandia Tennoji, nikakaa karibu na dereva, kavaa glovu nyeupe, kila kituo ananyoosha kidole mbele anajisemea maneno peke yake, nikafikiri mzee wa watu kachanganyikiwa, baadae nikaambiwa ndo utaratibu wao wa kazi, unanyoosha kidole na kutaja unachokiona ili usikosee. Nikawaza madereva wetu wa daladala wakilazimishwa hivo. Nauli unalipa wakati wa kushuka, unadumbukiza sarafu kwenye boksi. Kituo kinaitwa Sumiyoshi-torii-mae na kweli unashuka torii hii hapa usoni, unavuka barabara tu umeingia. Kiingilio hakuna. Bure. Hakuna hata mtu wa kukuuliza unaenda wapi.

Mi ni mtoto wa Tanga, nimekulia Chumbageni, kwahiyo kilichonishika hapa sio uzuri wa majengo. Ni bahari. Au niseme kukosekana kwa bahari. Ukishavuka tu unaanza kukutana na taa za mawe, nguzo refu zina kichwa kama kibanda, pande zote, zimesimama kama watu kwenye foleni, ziko kama 600. Zingine ndefu kuliko ghorofa la kwanza la nyumba. Nikawa najiuliza nani katoa hela yote hii. Kumbe ni mabaharia, wenye vyombo na wafanyabiashara toka kila kona ya Japani, vyama vya watu wa mizigo, kila aliyekuwa anapitisha mali yake baharini alikuja kutoa taa hapa ili chombo kifike. Majina yao wamechonga kwenye mawe mpaka leo. Na hili hekalu zamani lilikuwa pwani kabisa, mawimbi yanakuja karibu na miguu ya torii, na kabla ya hapo huko nyuma sana mabalozi wao waliokuwa wanakwenda China enzi za Tang walikuwa wanapita hapa kuomba safari ndo wanaingia chomboni. Sisi nyumbani jahazi haliondoki bila dua na sadaka, na wazee wanakwambia kaskazi hii au kusi hii, sasa nikaona kumbe ni yale yale, bahari inamfanya kila mtu awe mnyenyekevu.

Ila sasa geuka nyuma uitafute hiyo bahari. Haipo! Nilinusa, nikatembea mpaka ng'ambo ya stesheni, kuna bustani ya umma inaitwa Sumiyoshi, nayo zamani ilikuwa eneo la hekalu, ikafanywa bustani mwaka 1873. Ng'ambo yake nikakuta mnara wa taa za meli, Takadoro, chini jiwe juu mbao, na wenyewe wanasema ni wa kale miongoni mwa minara yao ya taa, ila huu uliopo wameujenga upya 1974 na wameusogeza kama mita 200 toka ulipokuwa. Mnara wa meli, pembeni ya barabara kuu, malori yanapita. Wamejaza udongo baharini miaka na miaka mpaka ufukwe umeenda kilomita kadhaa huko magharibi. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Mtu wa pwani ukiona mnara wa taa umezungukwa na mataa ya barabarani kuna kitu kinakushika hapa kooni.

Haya, turudi ndani. Kuna daraja. Kwenye picha mnaliona jekundu limepinda kama mgongo wa ngamia juu ya kidimbwi, linaitwa Sorihashi na wengine wanaliita daraja la ngoma, Taikobashi. Kwenye picha linaonekana zuri, likiwa mbele yako linaonekana ukuta. Urefu kama mita 20 tu, ila panapopanda sana wanasema mwinuko unafika kama nyuzi 48. Wamepigilia vibao vya kukanyagia ndo vinavyokuokoa. Kupanda si tabu, kazi ni kushuka, nilishuka nimeshika ukingo kama bibi harusi na viatu vya kuazima, na pembeni yangu mzee wa umri wa babu yangu kashuka mikono mfukoni. Kulivuka maana yake kwao ni kujisafisha kabla hujafika kwa wenye nyumba. Nguzo zake za mawe chini inasemekana alizitoa Yodo-dono, mke wa Toyotomi Hideyoshi aliyewahi kuitawala Japani, karne ya 17 mwanzoni. Mwenye magoti mabovu asiwe na wasiwasi, kuna njia tambarare pembeni, hakuna atakayekucheka. Na mvua ikinyesha wote piteni hiyo hiyo.

Baada ya daraja kuna sehemu ya kunawa, na hapa maji yanatoka mdomoni kwa sungura. Sungura! Mahali pengi unakuta joka. Hapa sungura ndo mjumbe wao kwasababu hekalu kwa mapokeo yao lilianzishwa siku ya sungura, mwezi wa sungura, mwaka wa sungura (kalenda yao ya kale inazipa siku, miezi na miaka majina ya wanyama kwa zamu), mwaka 211 kwa hesabu yetu, na aliyelianzisha ni malkia wao Jingu, aliyetoka vitani ng'ambo ya bahari akarudi salama. Ni mapokeo, msinishike shati kwa tarehe. Unachota kwa kata, unanawa mkono wa kushoto, wa kulia, unasukutua mdomo kwa maji ya kiganjani sio kwa kuweka kata mdomoni. Mwislamu aliyezoea udhu hili halimshindi, mi nilikuwa wa kwanza kumaliza.

Torii ya ndani iangalieni vizuri. Nguzo zake ni za pembe nne. Za kwingine zote nilizoziona ni za mviringo, hii imekatwa mraba, ni alama ya hapa.

Ndani sasa kuna nyumba nne za miungu, na hapa ndo nilikaa sana. Zote zimejengwa 1810 na serikali yao imezitangaza hazina za taifa. Hazijapangwa uso kwa uso kama majengo ya kawaida. Tatu zimefuatana moja nyuma ya nyingine, ya nne imekaa ubavuni mwa ya tatu, na zote zinatazama magharibi, bahari ilikokuwa. Yaani ni msafara wa vyombo. Majahazi matatu yamefuatana na moja limekaa pembeni. Sikuambiwa na mtu, niliona hivyo mwenyewe nikiwa nimesimama kona ya nyuma, ndo baadae nikasoma kwamba na wao wanalisema hivyo hivyo, nikajiona mjanja kweli.

Paa zake hazina mkunjo. Ukizoea picha za Asia unategemea paa lililoinuka ncha kama kiatu cha mfalme, hapa mistari imenyooka kama imepigwa rula, wameezeka kwa magome ya mti wao wa hinoki, tabaka juu ya tabaka mpaka unene wa mkono. Ukuta mweupe, nguzo nyekundu ya kuelekea chungwa, basi. Juu ya paa kuna mbao zimepishana kama mkasi, sasa angalieni ncha zake: nyumba tatu zimekatwa wima, ya nne imekatwa bapa. Ya nne ni ya mwanamke, malkia Jingu mwenyewe. Zile tatu ni za ndugu watatu wa baharini: mmoja ni wa chini kabisa kwenye kina, mmoja wa katikati ya maji, mmoja wa juu kwenye uso wa maji. Walizaliwa baba yao Izanagi alipooga baharini kujitoa uchafu wa nchi ya wafu. Jamani, bahari imegawanywa tabaka tatu na kila tabaka lina mwenyewe. Mtu wa bara hawezi kubuni hii. Mvuvi yeyote wa Tanga anajua maji ya juu na maji ya chini hayana tabia moja.

Ibada yao ni fupi mpaka unashangaa. Unatupa sarafu kwenye sanduku, unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unaomba kimya, unainama mara moja, umemaliza, anayefuata. Sarafu wanayoipenda ni ya yen 5 kwasababu inatamkwa go-en na hilo neno pia ni bahati ya kukutana na mtu. Mimi sikuomba, niwe mkweli, mi nina dini yangu, nilisimama pembeni nimevua kofia kama ninavyosimama kwenye msiba wa jirani wa dini nyingine. Hakuna aliyenilazimisha wala kuniangalia vibaya. Wale wenzetu wenye hofu ya kwamba ukiingia umeshaabudu, tulieni, watu wanapita na baiskeli humo.

Na hapa ndo sababu ya nyota nne. Hili hekalu linatumika, watu wanakuja na shida zao. Ilikuwa msimu wa Shichi-go-san, watoto wa miaka saba, mitano na mitatu wanaletwa kushukuru kwamba wamekua, basi mwezi wa 11 wikiendi ni vitoto vimevalishwa kimono, maua kichwani, kamoja kalikuwa kamekaa chini kwenye kokoto kanalia kamevua viatu na bibi yake kapiga magoti anakabembeleza, mama anapiga picha, baba kashika mifuko yote. Nikaona Eid Mosi kabisa. Alafu ghafla ukumbi mzima umenyamaza, harusi inapita, bibi harusi kavaa nyeupe kuanzia kofia mpaka chini, mwavuli mwekundu mkubwa juu yao, wanatembea taratibu mpaka unaumwa miguu kwa niaba yao.

Na magari! Pembeni niliona gari jipya bado linang'aa, kuhani kavaa kanzu nyeupe na kofia nyeusi anapunga fimbo yenye vipande vya karatasi nyeupe juu ya boneti, milango imefunguliwa, familia imesimama imeinamisha vichwa. Nikajua basi gari langu na lenyewe huenda lilisimama hapa siku moja likiwa jipya, milango wazi hivi hivi, na mtu aliyejifunga suti kainamisha kichwa mbele ya IST. Sikutegemea hilo wazo lingenigusa lakini lilinigusa.

Hirizi nilienda nayo kwenye dirisha wanapouzia, kuna mabinti wamevaa juu nyeupe chini nyekundu. Nikaitoa. Nikaandika kwenye simu: hii ilikuja ndani ya gari, gari liko Tanzania, nimeirudisha, samahani nimechelewa. Yule binti akasoma, akaziba mdomo, akamuita mwenzie, mwenzie akasoma akaita mwanaume mmoja wa ndani, nikawaza tayari nimejiletea kesi. Yule bwana akaishika kwa mikono miwili, akainama. Sio kidogo, aliinama kweli. Alafu akaandika kwenye simu yake mwenyewe, ikanisomea kwa Kiingereza cha mashine: gari lina afya? Nikasema lina afya, shokapu tu za mbele. Sijui shokapu ilitafsirika vipi ila walifurahi wote. Wakanielekeza kibanda cha kurudishia, unaweka humo na za wenzako za mwaka. Hailipiwi, ila kuna sanduku ukipenda kuweka chochote nikaweka yen 500.

Kuna kitu kingine kinaitwa Godairiki msikikose hata mkikosa yote. Nyuma huko karibu na nyumba ya kwanza kuna kiwanja kidogo kimezungushiwa uzio wa mawe, ndani kokoto tupu, na kwenye baadhi ya kokoto wameandika kwa wino herufi moja moja: tano, kubwa, nguvu. Unaingiza mkono kwenye nafasi za uzio unachakura mpaka upate zote tatu. Ukizipata unaziweka kwenye kimfuko wanachouza ndo inakuwa kinga yako, nguvu tano, za mwili, akili, mali, bahati na uhai. Tano na nguvu nilipata haraka, kubwa ikanikataa dakika ishirini nzima, nimechuchumaa, jeans inalia. Bibi mmoja kajikunja pembeni yangu akawa ananisaidia kama tumepoteza hereni yake, anaongea Kijapani mwanzo mwisho na mimi namjibu Kiswahili, hatukukosana hata neno moja. Alipoiona yeye akanipiga kofi la bega.

Nikamtumia mama picha. Mama akajibu sauti, sekunde nne tu: "Mwanangu, usije na mawe ya watu nyumbani kwangu." Nikayarudisha. Na hata bila mama, sharti lake ni kwamba jambo lako likikubali unatakiwa urudi na mawe mengine ya kwenu umeyaandika mwenyewe, unalipa mara mbili. Deni la Osaka nani anataka.

Kwenye miti mingine mikubwa wameifunga kamba nene ya majani ya mpunga na karatasi nyeupe zinaning'inia. Kuna mkafuri mmoja wa zaidi ya miaka elfu moja, na kihekalu chake kidogo mbele. Ukimuonyesha mtu wa pwani yeyote mbuyu umefungwa vitambaa atakwambia hapo mzimuni, usipite na kelele, na ukienda mapango ya Amboni utakuta watu wameacha vitu vyao. Wale wanaotuambia hayo ni mambo ya kishamba waende Osaka waone mti uliofungwa kamba, katikati ya jiji la treni, na watu wa suti wanauinamia. Hapo kwenye mkafuri ndo pa biashara: siku ya kwanza ya joka kila mwezi wenye maduka wanakuja kuchukua kipaka cha udongo kimeinua mkono, miezi witiri mkono wa kushoto, miezi shufwa wa kulia. Ukikusanya 48, yaani miaka minne hujakosa mwezi hata mmoja, wanakubadilishia paka wa kati. Kumaliza seti yote mpaka paka wakubwa ni miaka 24. Nani anapanga biashara ya miaka 24 sisi hata kodi ya fremu miezi sita tunatetemeka. Siku niliyoenda haikuwa ya joka, sikuona paka.

Nilichokosa kingine ni Juni 14, kuna shamba la mpunga ndani ya eneo la hekalu, nyumba pande zote, siku hiyo wanalima kwa ng'ombe na kupandikiza na ngoma juu. Mwaka mpya msiende, nawasihi, siku tatu za mwanzo wa Januari wanapita watu zaidi ya milioni 2, hiyo ni mwendokasi ya Kimara saa moja asubuhi mara elfu.

Nyota niliyokata sasa. Ndani wanafunga saa 11 jioni, mageti yanafungwa kweli, na mwezi wa 11 saa hizo giza limeshaingia, kwahiyo ukiamka saa nne ukazunguka kwanza madukani umeharibu. Wanafungua saa 12 asubuhi, miezi ya baridi saa 12 na nusu, nendeni asubuhi. Alafu maelezo ya Kiingereza ni machache, vibao vingi ni Kijapani tupu, bila intaneti kwenye simu utakuwa unaangalia mbao tu. Na mapipa ya taka hamna, nilitembea na ganda la ndizi mfukoni toka saa tatu mpaka narudi hosteli.

Tumbo: nje kwenye mitaa ya karibu nilipata takoyaki, ambayo ni pweza! Vipande vya pweza ndani ya unga wa mviringo, vinageuzwa kwa kijiti kama vitumbua, kwenye sufuria ya mashimo kama ya vitumbua hasa. Osaka ndo kwao. Vinane nililipa yen 600, nikaingiza kimoja mdomoni kizima kama mjinga, ndani kile ni uji wa moto, nilitoa machozi mbele za watu. Pweza wa Forodhani ni mtamu kuliko huyu, nasema bila kuonea aibu, ila unga wake na mchuzi juu ni kitu kingine. Mnaoangalia halali ulizeni kwanza michuzi.

Nilienda na Fushimi Inari ya Kyoto wiki iliyofuata, ile ya matorii mekundu maelfu ambayo kila mtu anapost. Nzuri, imeanzishwa 711, mlima wake unachosha vizuri, lakini nusu saa ya kwanza nilikuwa naangalia visogo vya watalii wenzangu na vijiti vya selfi. Kama mna siku nyingi nendeni kote. Kama una siku moja na uko Osaka panda tramu.

Usiku fundi wangu akaniandikia, nilikuwa nimemtumia picha ya yule kuhani na lile gari jipya. Nikadhani ataanza mahubiri. "Bosi, hizo za gari huko bei gani? Nina jamaa wa bajaji anaulizia." Nikamwambia ni kama yen elfu moja, ila inaisha nguvu baada ya mwaka na unatakiwa uirudishe mwenyewe Osaka. Akakaa kimya muda.

"Basi niletee kofia."